Kitendawili, Mji, na Neno "Sijui"

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu; na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darsa yetu hapa Shella, Malindi, baada ya sala ya Magharibi, kijana mmoja aliuliza: Je, Mwenyezi Mungu aweza kuumba jiwe ambalo Mwenyewe hawezi kulinyanyua? Tukisema ndiyo, liko jiwe limshindalo. Tukisema la, kiko asichoweza kuumba. Baadhi ya watu wazima walimkemea, wakamwambia atakufuru. Nasi, kwa kuwa jawabu halikuwa tayari ulimini, na tuliona haya kusema hatujui, tukanyamaza. Kijana yule hakurudi tena. Maneno haya ni deni letu kwake.

Jawabu lenyewe si jipya. Wanavyuoni wa tauhidi wamefundisha tangu zamani kwamba Kudura hufungamana na mambo yawezekanayo kuwako. Lililo muhali, kama kitu kuwako na kutokuwako kwa wakati mmoja, si kitu hata ikasemwa kwamba kimemshinda Mola. Na jiwe la kumshinda Asiyeshindwa ni maneno yajivunjayo yenyewe. Basi Kudura haikupungua. Swali ndilo lililokosa maana. Haya yangalisemwa kwa upole, na kijana angalibaki darsani.

Lakini si kila fumbo hufumbuka hivi. Mtu asemapo, "Neno langu hili ni uwongo," je, amesema kweli? Likiwa kweli, basi ni uwongo. Na likiwa uwongo, basi ni kweli. Fumbo hili liliwashughulisha sana watu wa mantiki. Saaduddin Taftazani, aliyefariki mwaka 1390, naye ni bingwa wa ilimu hiyo, alilichungua, kisha akaona lililo sawa ni kuacha kulijibu na kukiri kushindwa. Na kabla yake, imepokewa kwamba Imam Malik aliulizwa mas-ala 48, na katika 32 alijibu kuwa hajui. Je, hadhi yao ilipungua?

Tena tuitazame Hadithi ya Jibrili, aliyemjia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa sura ya mtu. Aliuliza, kisha akamsadikisha aliyejibu, hata Masahaba wakastaajabu: vipi mtu aulize jambo alijualo? Alipouliza Kiyama ni lini, Mtume alijibu kwamba muulizwa hajui zaidi ya muulizaji. Kisha akawaambia Masahaba kuwa huyo ni Jibrili, amekuja kuwafundisha dini yao. Basi kukiri kutojua ni katika mafunzo ya dini yenyewe.

Watoto wetu walijua jambo hili kabla hawajaingia chuoni. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wenziwe huitika, "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wakishindwa, mtegaji hudai mji, hupewa Lamu au Mombasa, ndipo awaambie: ni yai. Asiyejua hutoa mji, naye hupata ilimu. Hapana aibu wala ugomvi.

Ajabu ni sisi wakubwa, tusiotaka kutoa mji. Mtu huja barazani na huzuni yake: amemtamkia mkewe neno kwa hasira, naye ataka kujua kama talaka imepita. Watu watatu humpa majibu matatu, wala hapana amwambiaye, "Hili hatulijui, nenda kwa Kadhi." Mchezoni hupotea mji wa maneno tu, hapa hupotea nyumba ya watu, au mume na mke wakaishi pamoja katika haramu.

Enyi vijana, ulizeni kwa kutaka kujua, si kwa kutaka kumwangusha mtu. Na nyinyi wazee wetu, mwenye kuuliza ametenda aliloamrishwa, kwani Qur'ani imewaamuru wasiojua wawaulize wenye ilimu, msimfukuze. Nasi twajinasihi kabla ya kuwanasihi wengine: tusilolijua, tuseme hatulijui, kisha tukalitafute.

Na wewe kijana wetu, mahali pako darsani pangalipo. Njoo, na ukiwa na swali jingine, njoo nalo. Likitushinda, tutakupa mji.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.