Pikipiki ya Umeme: Nafuu Iko Wapi?

Pale Ndia Kuu, Mji wa Kale, pikipiki ikipita twabana ukutani na moshi twauvuta sote. Je, kikundi kinunue ya umeme?

Sheria ya Fedha ya 2023 iliondoa VAT kwa pikipiki hizo. Norway ilifanya hivyo kwa magari tangu 2001. Mwaka 2023 pia kuliwekwa bei ya umeme wa kuchajia: shilingi 16 kwa yuniti, au 8 saa za matumizi madogo, kabla ya tozo. Betri ya yuniti 3, basi, ni shilingi 48 au 24. Lakini angalieni! Bei hiyo yataka mita yake peke yake. Ya nyumbani haifai.

Kodi nayo hubadilika na bajeti, kwa hivyo ulizeni ya mwaka huu. Halafu mwulizeni muuzaji: betri ni yetu au ya kukodi? Ikifa, nani alipa?