Somo la Mwezi: Mtu Aliyeuawa na Jina Alilopewa

Masomo: Kumbukumbu la Torati 21:1–9 na 1 Wafalme 21:1–16

Ndugu wasomaji, tumezoea kuanza na Maandiko ndipo tuje kwenye mambo ya dunia. Mwezi huu tunaanza na sinema. Msishangae.

Jioni moja, baada ya kusoma Biblia, kikundi chetu hapa Korogwe, wazee watatu na akina mama kadhaa, tulikusanyika mbele ya kompyuta ya kijana wa nyumba ile, tukatazama sinema ya Kenya iitwayo Nairobi Half Life. Ilitoka mwaka 2012, mwongozaji wake ni David Tosh Gitonga, nayo ndiyo ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar. Humo wanasema Kiswahili, Kikikuyu na Sheng, na hiyo Sheng ilitupita mara nyingi. Mambo yake mengine si ya kuonyesha watoto wa Shule ya Jumapili. Twasema mapema tusije tukalaumiwa.

Kisa ni hiki. Kijana Mwas anauza sinema kijijini, na huwaigizia wateja ili wanunue. Anatamani kuwa mwigizaji. Anakwenda Nairobi, na mara tu afikapo ananyang'anywa kila kitu, kisha anatiwa mahabusu. Huko anakutana na Oti, kiongozi wa genge. Akitoka anaingia katika wizi wa vipuri vya magari, halafu magari yenyewe, na huku anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani. Polisi wengine wanajua, nao wanataka fungu lao. Mwishowe vijana wale wanakamatwa, lakini hawapelekwi mahakamani. Wanapelekwa kwenye jengo tupu ili wapigwe risasi. Mwas anaponyoka, wenzake wanakufa.

Picha ilipokwisha palikuwa kimya. Kisha mama mmoja akauliza, "Na mama zao wataambiwa nini?" Mzee aliyekaa karibu naye akajibu, "Wataambiwa walikuwa majambazi." Hilo jibu ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

Kwa maana jibu hilo tumelitoa sisi wenyewe. Miaka mingi iliyopita, tukifundisha upande wa Handeni, habari ilitufikia kwamba kijana tuliyemfundisha ameuawa mjini na askari, na kwamba alikuwa jambazi. Ofisini kwa walimu tulisema, "Si ajabu, tangu darasa la tano alikuwa mtundu." Tukaendelea kusahihisha madaftari. Hakuna aliyeuliza alishtakiwa kwa kosa gani, wala nani alishuhudia. Na chuo cha ualimu kilitufundisha tusimpe mtoto adhabu kabla ya kumsikiliza! Hadi leo hatujui kama alikuwa jambazi au hakuwa. Siku ile hatukutaka kujua.

Wengi watakumbuka mauaji ya Januari 2006. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa katika msitu wa Pande, nje ya Dar es Salaam. Nchi iliambiwa kwamba ni majambazi waliokufa wakirushiana risasi na polisi. Ndugu zao hawakukubali. Rais Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, na ikaonekana kwamba hawakuwa majambazi. Polisi kadhaa walishtakiwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru. Serikali ikakata rufani, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani afisa mmoja na kumhukumu kunyongwa, wengine wakabaki huru. Miaka kumi! Tujiulize, kama ndugu zao wangenyamaza kwa aibu ya lile neno, watu wale wanne wangeitwaje leo?

Tusieleweke vibaya. Ujambazi upo, na askari nao huuawa: mwaka 2015 kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa na askari wakafa wakiwa kazini. Nao wana mama zao. Vijana wa ile sinema walikuwa wezi kweli, na mwizi atahukumiwa. Lakini atahukumiwa na nani? Katiba yetu, ibara ya 13, yakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, na ibara ya 14 yampa kila mtu haki ya kuishi. Haisemi "isipokuwa mtundu". Nasi tunaopiga kelele za "Mwizi!" sokoni, kisha tukatafuta mawe na matairi, hatuwezi kuwanyoshea kidole polisi peke yao.

Sasa fungueni Torati. Mtu ameonekana shambani ameuawa, na muuaji hajulikani. Wazee na waamuzi wanatoka na kupima umbali mpaka miji iliyo karibu. Wazee wa mji ulio karibu zaidi wanachukua mtamba mpaka bondeni penye maji, wanavunja shingo yake, wananawa mikono, na kutamka kwamba mikono yao haikumwaga damu ile wala macho yao hayakuona. Angalieni: hakuna anayeuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Wanapima tu. Kwa Nabothi mambo yalikwenda kinyume: alipewa jina baya kwanza, kwa mashahidi wa uongo, ndipo akapigwa mawe, na wazee wa mji wake walikuwapo na walitii barua.

Kabla ya kukutana Alhamisi, kila mmoja asome sura hizo mbili polepole. Aje pia na jina la kijana mmoja wa kijijini kwake aliyekufa akiitwa mwizi, na kama wazazi wake wangali hai, aseme ni lini mara ya mwisho mtu wa kanisa alipiga hodi kwao. Sisi tutaanza na yule wa Handeni. Mama yake, tumesikia, bado yupo.