Laptopu ya Kikundi Inajikokota: Msikimbilie Kununua Nyingine

Vikundi vingi siku hizi huandika hesabu zao kwenye laptopu. Mwanzoni kazi huenda vizuri. Baada ya miaka minne au mitano mambo hubadilika. Siku ya mkutano mwekahazina anawasha mashine, wanachama wanakaa, chai inaisha, na bado kitabu cha mikopo hakijafunguka. Hapo mmoja anasema, "Hii kitu imezeeka, tununue ingine." Kura inapigwa, na pesa zilizowekwa kwa ajili ya tangi la maji zinaenda dukani.

Ngojeni kidogo. Laptopu haichoki kama ng'ombe wa kulima. Mara nyingi kinachobadilika ni mzigo: programu zimeongezeka, faili zimejaa, vumbi limeingia. Ama sehemu moja tu imeharibika. Somo hili litawasaidia kujua ni ipi, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

KATIBU, MEZA NA KABATI

Fikirieni ofisi ndogo. Ndani kuna katibu, meza na kabati. Katika laptopu, prosesa ndiyo katibu anayefanya kazi. Memori ni meza: hapo huwekwa karatasi za kazi ya sasa hivi, na mashine ikizimwa meza hubaki tupu. Diski ni kabati: hapo faili hukaa hata stima ikipotea.

Meza ikijaa, katibu huanza kupeleka karatasi kabatini na kuzirudisha, kwenda na kurudi. Huko kutembea ndiko kunakula wakati. Kabati likijaa, hana mahali pa kuweka kitu. Na chumba kikiwa na joto kali, hupunguza mwendo ili asianguke. Kwa hivyo swali letu ni moja: shida iko kwa katibu, kwa meza, ama kwa kabati?

KABLA YA YOTE

Kwanza, wekeni nakala ya hesabu zote kwenye flashi. Fungueni hiyo nakala kwenye kompyuta nyingine mhakikishe inasomeka. Kisha flashi ikae kwa ofisa mwingine, si ndani ya mfuko wa laptopu hiyo hiyo. Mkisikia diski ikigonga ko-ko-ko, ama mashine ikiganda kila mara mkifungua faili, acheni mengine yote mfanye nakala sasa hivi. Huenda diski inakaribia kufa.

Pili, chukueni saa. Hesabuni dakika tangu kuwasha mpaka kitabu cha hesabu kifunguke. Andikeni kwenye daftari. Baada ya kila hatua hapa chini, pimeni tena. Fanyeni jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo hamtajua ni lipi lililosaidia.

HATUA YA 1: Anzisheni upya. Wengi hudhani kuzima na kuwasha kunatosha. Lakini kwenye Windows za siku hizi, ukizima kwa njia ya kawaida mashine huhifadhi sehemu ya kazi yake ili iwake haraka kesho. Ukichagua neno Restart ndipo inaanza upya kabisa.

HATUA YA 2: Iwasheni siku moja kabla ya mkutano. Hili vikundi vingi hatulijui. Laptopu inayofunguliwa mara moja kwa mwezi ina masahihisho ya mwezi mzima yanayoingoja. Ikipata intaneti tu huanza kuyapakua, nanyi mnataka hesabu. Mwekahazina aiwashe jana yake, aiunganishe na stima na intaneti, aiache imalize, kisha achague Restart.

HATUA YA 3: Tazameni nani ana kazi nyingi. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Likionyesha majina machache tu, bonyezeni More details. Mtaona safu za CPU, Memory na Disk, na asilimia juu ya kila moja. CPU ni katibu, Memory ni meza, Disk ni kabati. Ngojeni kama dakika kumi baada ya kuwasha, halafu fungueni kazi yenu ya kawaida na mtazame. Ile inayokaa karibu na 100 ndiyo inayowachelewesha.

HATUA YA 4: Punguzeni vya mezani. Programu nyingi hujiwasha zenyewe mashine ikiwaka, hata kama hakuna aliyeziita. Katika dirisha lile lile tafuteni sehemu yenye neno Startup. Msizozihitaji, zibonyezeni na mchague Disable. Hamjazifuta, mmezizuia tu zisijiwashe. Msiguse ile ya kulinda mashine dhidi ya virusi. Lakini kama kuna programu mbili za virusi, ondoeni moja, kwani hugombana. Windows 10 na 11 huja na mlinzi wao tayari. Pia fungeni kurasa za intaneti msizozisoma. Kila ukurasa ulio wazi unakalia meza.

HATUA YA 5: Safisheni kabati. Jaribuni kuacha kama sehemu moja ya tano ya diski ikiwa wazi. Kinachojaza si hesabu zenu, maana hizo ni ndogo sana. Ni video za harusi na sinema za vijana. Zihamisheni kwenye flashi nyingine, kisha mmwage kilicho ndani ya Recycle Bin. Msifute faili msizozijua ndani ya folda ya Windows.

HATUA YA 6: Joto na vumbi. Mashine ikichemka hujipunguzia mwendo yenyewe. Iwekeni juu ya meza ngumu, si juu ya kitanda wala leso, ili matundu ya chini yapate hewa. Feni ikipiga kelele kila wakati, mpeni fundi aifungue na kutoa vumbi.

IKIWA BADO INAJIKOKOTA

Sasa mnaweza kuzungumza na fundi mkijua mnachotaka. Kama Disk ndiyo inayokaa kwenye 100, ulizeni ni diski ya aina gani. Laptopu nyingi za zamani zina diski inayozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika. Ile ya kisasa, iitwayo SSD, haina kitu kinachozunguka, na hupata faili haraka zaidi. Kubadilisha diski hiyo peke yake huweza kuifanya mashine ya zamani iende kama mpya. Kama ni Memory inayojaa na mna GB 4 tu, ulizeni kama inaweza kuongezwa ifike 8. Laptopu nyingine haziongezeki, kwa hivyo fundi aangalie kabla hamjanunua. Ulizeni bei kwa mafundi wawili.

Kuna wakati kununua ni haki. Windows 10 iliacha kupewa masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka memori ya GB 4 au zaidi na diski ya GB 64 au zaidi, na pia inakataa prosesa nyingi za zamani. Mashine yenu ikikataliwa, mnaweza kuuliza fundi juu ya Linux, ambayo hailipiwi, ama mpange kununua pole pole bila kuvunja akiba.

Neno moja juu ya fundi. Ndani ya laptopu kuna namba za vitambulisho na madeni ya wanachama. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka habari kama hizo zitunzwe. Mwanachama mmoja akae na fundi mpaka kazi iishe. Mkibadilisha diski, ile ya zamani rudini nayo nyumbani. Faili iliyofutwa huweza kufufuliwa na mtu anayejua.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Laptopu yetu ikifa usiku wa leo, hesabu zetu ziko wapi kwingine?
2. Ni nani wanaoitumia, na kwa kazi gani? Je, tumekubaliana sinema zisiwekwe?
3. Nani ataiwasha siku moja kabla ya kila mkutano?
4. Mara ya mwisho tuliponunua kitu kipya, tulipima kwanza ama tulisikiliza aliyesema kwa sauti kubwa?

KAZI: Watu wawili wafanye hatua zote sita kabla ya mkutano ujao na walete daftari la dakika. Someni hizo dakika mbele ya wote, ndipo mpige kura.