Kabla ya Kuinua Jiwe

Tetemeko la Armenia la tarehe 7 Desemba 1988 liliua watu wapatao 25,000. Tutazame hasa wale waliotolewa kifusini wazima, wakizungumza, kisha wakafa. Kwa nini? Msuli uliobanwa kwa saa nyingi huharibika; ukifunguliwa, sumu yake huingia damuni, ikaudhuru moyo na figo. Kwa hiyo waganga hufundisha kwamba majeruhi atiwe maji mshipani angali chini ya kifusi. (Sisi tungalikimbilia jiwe kwanza!) Baada ya msiba huo waganga wa figo wa mataifa waliunda kikosi cha maafa. Uturuki, mwaka 1999, majeruhi 477 walisafishwa damu kwa mashine, na wengi wao wakapona.