Usimfiche daktari kazi unayofanya

Juma hili tuzungumzie maradhi yanayoletwa na kazi isiyomchafua mtu mikono. Mvuvi wa hapa Homa Bay akija kwangu akilalamika mgongo, sihitaji kumwuliza mengi. Nyavu ni nzito na usiku wa ziwani una baridi. Lakini kijana anayeketi mbele ya kompyuta, katika jumba safi, kitambulisho kikining'inia shingoni, anaumizwa na nini?

Siku moja mama mmoja alimleta mwanawe kwangu. Kijana alikuwa amerudi kutoka Nairobi, ambako aliajiriwa na kampuni ya kompyuta. Alisema kichwa kinamgonga, usingizi hauji, moyo unamwenda mbio na tumbo linamchoma. Katika muda wa miezi mitatu alikuwa amemeza dawa za malaria mara tatu bila kupimwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwona mara moja kabla ya hapo, nikampa dawa ya vidonda vya tumbo na kumwambia apunguze pilipili. Safari hii tulimpima damu. Hakuwa na malaria wala homa ya matumbo. Shinikizo lake la damu, hata hivyo, lilikuwa juu kuliko inavyostahili kwa umri wake.

"Daktari, nyumbani wanasema ni chira," mama aliniambia kwa sauti ya chini.

Nilimwomba mama atupishe kidogo, kisha nikamwuliza kijana kazi yake ilikuwa gani hasa. Aliinamisha kichwa. "Siruhusiwi kusema, daktari. Nilitia sahihi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kijana alikuwa radhi kufa na siri ya kampuni ambayo haikuwa tena ikimlipa mshahara. Na mimi nilikuwa nimemtibu tumbo bila kumwuliza alikolipatia ugonjwa huo.

Swali la tangu kale

Mnamo mwaka 1700 tabibu Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Aliwashauri matabibu wenzake waongeze swali moja kwa yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Leo swali hilo lina sehemu ya pili: unasimamiwaje kazini?

Mwaka 1979 mtaalamu Robert Karasek alieleza kwamba kazi nyingi peke yake si hatari sana. Hatari huzidi pale kazi inapokuwa nyingi na mfanyakazi hana usemi wowote juu ya jinsi ya kuifanya. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanyiwa watumishi wa serikali jijini London, ulioongozwa na Profesa Michael Marmot, ulionyesha jambo linalofanana na hilo: waliokuwa na usemi mdogo kazini waliugua moyo zaidi.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mwili ukihisi hatari hutoa kemikali zinazoharakisha moyo, kukaza misuli na kufukuza usingizi. Ukikutana na kiboko kando ya ziwa, kemikali hizo zitakusaidia kukimbia. Kiboko akiondoka, mwili hutulia. Lakini msimamizi anayekuhesabia dakika za kwenda msalani, na kompyuta inayoandika kila unapopumzika, ni kiboko asiyeondoka. Mwili hukaa tayari kukimbia mchana kutwa, na usiku pia.

Saa nyingi nazo huongeza madhara. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, yakilinganishwa na saa 35 hadi 40.

Kisa cha Nairobi

Wakenya wengi wamesikia kesi ya vijana waliokuwa wakichuja picha na maandishi ya Facebook jijini Nairobi, wakiwa wameajiriwa na kampuni ya Sama. Kazi yao ilikuwa kutazama mambo mabaya, yakiwemo mauaji na unajisi, ili wewe na mimi tusiyaone. Mwaka 2022 jarida la TIME liliripoti kwamba walitarajiwa kuamua juu ya kila video kwa sekunde 50 hivi. Mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliyefutwa kazi baada ya kuwaongoza wenzake kudai hali bora, alikwenda mahakamani Mei 2022. Alisema kwamba hakuelezwa kazi ilikuwa ya aina gani kabla ya kuikubali. Mwaka 2023 wenzake wengi nao walishtaki baada ya kuachishwa kazi.

Mnamo Desemba 2024 ilijulikana kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa wamepimwa na Dkt Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, naye akawapata na ugonjwa wa akili unaofuata kiwewe, yaani mshtuko mkubwa. Ni ugonjwa ule ule unaowapata wanajeshi waliotoka vitani. Kampuni zilizoshtakiwa zilisema kwamba wafanyakazi waliwekewa washauri nasaha. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta, wenye Facebook, wanaweza kushtakiwa hapa Kenya. Hayo ya sheria tuwaachie majaji. Kwa daktari, somo ni hili: watu hao walikuwa wagonjwa kwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuwauliza.

Dalili za kuangalia

Nenda ukamwone daktari ukiona haya:

(a) Picha za mambo uliyoyaona au kuyasikia kazini zinakurudia bila wewe kutaka, ndotoni au ukiwa macho, kwa zaidi ya mwezi mmoja.

(b) Unashtuka kwa sauti ndogo, au unaepuka watu na mahali panapokukumbusha kazi.

(c) Huzuni haikutoki kwa majuma mawili au zaidi, na huvutiwi tena na mambo uliyoyapenda.

(d) Hulali, au unalala na kuamka ukiwa umechoka kama ulivyolala.

(e) Kichwa, tumbo, mabega au kifua vinauma na vipimo havionyeshi sababu.

(f) Pombe, bangi au miraa imekuwa dawa yako ya kila siku.

Ukifikiria kujiua, usingoje hata kesho. Mwambie mtu wa karibu nawe na ufike hospitalini siku hiyo hiyo. Nawe mzazi au mke unayesoma haya, kijana akinyamaza ghafla na kujifungia chumbani, usikimbilie kusema amerogwa au amepatwa na chira. Hata kama unaamini hivyo, mlete apimwe kwanza.

"Lakini nilitia sahihi"

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Kumweleza daktari unavyoumwa si kuuza siri ya kampuni. Sihitaji jina la kampuni, wala la mteja wake, wala nywila za kompyuta. Ninachohitaji ni kama haya: unaona au unasikia mambo ya aina gani, unafanya kazi saa ngapi, unapumzika lini, na hufanyika nini ukikosea. Nami nimefungwa na kiapo changu nisitangaze ulichoniambia. Wewe una siri ya mwajiri, mimi nina siri ya mgonjwa, na yangu ina umri mkubwa kuliko kampuni yoyote.

Sisi wa Homa Bay tunalielewa jambo hili kuliko wengi. Kulikuwa na miaka ambapo watu walificha Ukimwi hadi wakabebwa kwa machela, na tukazika vijana kila Jumamosi. Mambo yalibadilika watu walipoanza kupimwa, wakamwamini mhudumu wa kliniki, wakatumia dawa. Wengi wa walioanza dawa miaka hiyo wako hai, wanalima na kulea wajukuu.

Matibabu

Maradhi haya yanatibika. Tiba ya kwanza kwa mtu aliyepatwa na kiwewe ni mazungumzo ya mpangilio maalumu na mtaalamu, kwa vikao kadhaa. Baadhi huhitaji pia dawa, ambazo huchukua majuma kabla ya kufanya kazi na hazifai kuachwa ghafla. Usinunue vidonge vya usingizi dukani, kwa sababu vinazoeleka upesi na haviponyi kiwewe. Na usinywe dawa za malaria kabla ya kupimwa, hata kama kichwa kinauma vipi.

Nyumbani, lala na uamke kwa saa zile zile. Tembea kwa miguu kila siku. Simu ilale chumba kingine.

Jua pia sheria inavyokulinda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Ukiwa umefanya kazi miezi miwili mfululizo, una haki ya angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha saba kwa nusu mshahara, mradi ulete cheti cha daktari.

Nanyi wakubwa wa kazi, mshauri nasaha wa mara moja kwa mwezi hawezi kufuta madhara ya msimamizi anayetukana kila asubuhi. Mweleze mtu ukweli wa kazi kabla hajatia sahihi. Mpe nafasi ya kusema "hili siliwezi" bila kuogopa kufutwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Kamati hiyo isiangalie mitungi ya kuzimia moto peke yake.

Yule kijana alizungumza nami kwa zaidi ya saa moja siku ile. Hakutaja jina la kampuni, nami sikumwuliza. Nilimpeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili, na shinikizo lake la damu tunalipima kila mwezi. Bado kuna usiku asiolala, lakini kwa sasa analala mara nyingi kuliko anavyokesha.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ukienda kwa daktari wako juma hili naye asikuulize kazi yako, mwambie wewe mwenyewe.