Mbegu ya Blugamu Si ya Kuchuma Popote



Kuna swali linaloulizwa na vikundi: "Tulinunua miche ya kloni, ikakua vizuri sana. Sasa imezaa. Si tuchume mbegu zake tuoteshe kwa nasari yetu, tuache kununua?"

Jibu ni hapana. Tafadhali someni kabla hamjajaza viriba.

Kloni nyingi zilizoletwa Kenya kuanzia 1997 zimetoka Afrika Kusini, nazo ni mchanganyiko wa mikaratusi ya aina mbili. Mmoja ni grandisi, unaokua haraka na kunyooka, lakini wataka mvua ya kutosha. Wa pili ni kamaldulensi, unaovumilia ukame. Wataalamu waliichanganya, wakapima watoto wengi, wakabakiza wachache waliorithi mema ya pande zote mbili.

Mti uliochaguliwa hukatwa ili utoe machipukizi. Hayo hukatwa vipande vidogo, yakawekwa penye joto na unyevu mpaka yatoe mizizi. Kwa hiyo kila mche ni mti ule ule.

Mbegu ni mambo mengine. Mnayajua mahindi ya haibridi: ukipanda yale uliyoweka ghalani, mengine yanakuja marefu, mengine mafupi. Blugamu ni hivyo hivyo, tena ni hasara zaidi, maana kosa la mahindi utaliona msimu huo huo. Nguzo utangoja miaka mingi, halafu mnunuzi aje akwambie hizi ni kuni tu.

Je, kama pesa za kloni hazipo? Chumeni mbegu kwa mikaratusi ya kawaida, lakini iwe miti mingi, iliyonyooka, isiyo na ugonjwa. Ule mmoja ulio peke yake nyuma ya nyumba uacheni, hata kama ni rahisi kuufikia. Umejichavusha wenyewe, na watoto wake huwa dhaifu. Chumeni vitunda kabla havijafunguka, mvianike juu ya kitambaa. Mbegu zenyewe ni ndogo sana, upepo utazipeperusha.

Na wenye kloni, msipande aina moja tu. Mwaka 2002 kijidudu jamii ya nyigu kilionekana magharibi mwa Kenya, kikitaga ndani ya majani na vijitawi vichanga vya mikaratusi hadi vikafanya vinundu. Kloni zingine huumizwa sana nacho, zingine kidogo.

Mnaponunua miche, ulizeni namba ya kloni na katibu aiandike kitabuni. Kila aina ipandwe mistari yake, mbali na mto na chemchemi.