Mwalimu wa Kiingereza hukulia wapi?

SWALI: Nafundisha Kiingereza sekondari ya kutwa karibu na Ishiara. Semina nimehudhuria, fomu za TPAD, za kutathmini utendaji wa walimu, najaza kila muhula, lakini naona nimedumaa. Nifanyeje? — Mwalimu, Mbeere Kaskazini

JIBU: Mwalimu, fomu hupima kazi, haiikuzi. TPAD ilipoletwa na TSC, tume inayoajiri walimu, mwaka 2016 ilitaka somo litazamwe, ila shuleni kwingi kilichobaki ni fomu za kujazwa. Linganisha na Tusome, mradi wa kusoma katika madarasa ya chini ya msingi ulioenea nchini kuanzia 2015: afisa aliingia darasani, akawasikiliza watoto wakisoma, kisha akaketi na mwalimu kuzungumzia somo lilelile. Tathmini zilionyesha usomaji umeimarika. Basi mwombe mwenzako aketi nyuma ya darasa lako, nawe uketi nyuma ya lake, mchague jambo moja tu. Anzeni na matamshi: mwanafunzi aliyelelewa kwa Kimbeere huenda akachanganya r na l, na mtihani wa KCSE hupima stadi za kuzungumza kwa karatasi (kioja hicho!), kwa hiyo kosa hilo laweza kufika Kidato cha Nne bila kusikika.

Utasema insha za kusahihisha ni rundo na muda hakuna. Kweli, na hilo si kosa lako. Lakini si lazima kila insha itiwe wino mwekundu toka juu hadi chini. Sahihisha aya moja kwa kina, mwanafunzi aiandike upya. Hapo utaona sentensi yake ikinyooka, na maana ya kazi unayoitafuta hutokana zaidi na kuona hivyo kuliko na cheti cha semina. Na kama umedumaa kwa cheo pia, kupandishwa ni haki yako. Idai, ila usisubiri cheo ndipo ukue.